Kugombea Viti, Kutafuta Hesabu

Mhadhara kwa wanachama na viongozi wa vyama vya akiba na mikopo na vyama vya mazao



Nianze na saa. Miaka kadhaa iliyopita niliandika muhtasari wa mkutano mkuu wa chama kimoja cha akiba na mikopo cha watumishi, ambacho mimi mwenyewe ni mwanachama wake. Nina mazoea ya kuandika pembeni mwa kila ajenda saa ilipofunguliwa na saa ilipofungwa. Usiku ule, nilipoketi kunakili muhtasari, zile saa za pembeni zikanionyesha jambo ambalo ukumbini sikuliona. Ajenda ya kubadili masharti ya chama, ili wajumbe wa bodi wapungue kutoka 9 hadi 5, ilichukua saa 4 na dakika 10. Taarifa ya mkaguzi wa hesabu, pamoja na makisio ya mwaka uliofuata, vilipita kwa dakika 11. Kabrasha la mkutano lilikuwa na kurasa 64, na liligawiwa mlangoni asubuhi ileile. Mtu anasaini nauli, anapewa kabrasha, anaingia.

Katika zile saa nne watu walitoleana maneno ambayo mpaka leo hayajasahaulika. Upande wa bodi walisema vikao vinaahirishwa kila mara kwa kukosa akidi, posho inakula fedha ya chama, na meneja anakaa wiki tatu akisubiri uamuzi ambao ungetolewa kwa siku mbili. Upande wa pili walisema hayo yote ni kisingizio. Viti vinapunguzwa, walisema, ili wajumbe wawili wanaotoka matawi ya wilayani waangushwe, maana hao ndio waliokuwa wakiuliza habari ya mikopo isiyorejeshwa. Mzee mmoja alisimama akasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Kijana akamjibu palepale kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Ukumbi ukapiga makofi mara mbili, kila upande kwa methali yake, na hoja ikabaki palepale ilipokuwa.

Nimeufikiria mkutano ule kwa miaka, na nimehudhuria mingine mingi iliyofanana nao. Naamini leo kwamba ugomvi wa idadi ya wajumbe mara chache sana huwa ni ugomvi wa idadi. Watu wanagombea kiti kwa sababu wamegundua kwamba kiti ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuona hesabu za fedha yao. Mkutano mkuu umeshindwa kuwaonyesha, kamati ya usimamizi imenyamaza, kabrasha halisomeki kwa dakika ishirini za asubuhi. Imebaki kuwa na mtu wako ndani. Ndiyo maana mtu mzima, mtumishi mwenye heshima zake, anapandwa na jazba kwa ajili ya kiti ambacho hakina mshahara.

Turudi kwenye methali ya manahodha, kwa sababu hutumiwa vibaya katika mikutano yetu. Methali hiyo imetoka baharini na inahusu usukani. Jahazi likiwa kwenye mkondo, mtu mmoja hushika amri, na mabaharia hawapigi kura ya kugeuza tanga. Hilo ni sawa kabisa. Lakini jahazi lina mwenyewe, na mwenye chombo yuko nchi kavu akingoja hesabu za shehena. Methali haijasema kwamba nahodha akifika bandarini asiulizwe. Katika chama cha ushirika nahodha ni meneja na watendaji wake. Mwenye chombo ni wanachama. Bodi ni watu waliotumwa na mwenye chombo kwenda kumwangalia nahodha, kumpa maelekezo na kurudi na habari. Ukisema bodi iwe ndogo kwa sababu manahodha wengi huzamisha chombo, umekwisha kuigeuza bodi kuwa nahodha, na swali la nani atamwangalia nahodha limebaki bila mtu.

Idadi nayo ina hesabu zake, na wanaosema bodi ni kubwa mno hawasemi uongo. Kikao cha saa 3 cha watu 9 kinampa kila mjumbe dakika 20, kama mwenyekiti hasemi sana. Kikao hicho hicho cha watu 21 kinampa kila mmoja pungufu ya dakika 9. Watu 9 wana jozi 36 za watu wanaopaswa kuelewana. Watu 21 wana jozi 210. Mtu aliyewahi kukaa katika bodi ya watu ishirini na zaidi anajua kinachotokea: watu wanne au watano hukutana jioni ya kabla ya kikao, wakakubaliana, na kesho yake wengine wanakuja kupiga mhuri. Bodi kubwa huzaa bodi ndogo ndani yake, na hiyo bodi ndogo haikuchaguliwa na mtu yeyote wala haina muhtasari.

Sasa tazameni upande wa pili, ambao mara nyingi hausemwi. Chukueni masharti ambayo akidi ni zaidi ya nusu ya wajumbe na uamuzi hupita kwa wingi wa waliohudhuria. Bodi ya 9 inahitaji watu 5 ili kikao kianze, na watatu kati yao wanatosha kupitisha jambo. Bodi ya 5 inahitaji watu 3, na wawili wanatosha. Wawili! Chama chenye wanachama 1,000 kinaweza kuingizwa katika mkopo wa benki wa miaka kumi kwa mikono miwili iliyonyooshwa, na kila kitu kikawa halali kwa mujibu wa masharti. Katika ule mkutano wa saa nne, hakuna aliyeisema hesabu hii. Mimi mwenyewe sikuisema, na ninajilaumu.

Wenzetu wa Kenya wameliweka jambo hili katika sheria. Sheria yao ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 inataka kamati ya chama iwe na wajumbe wasiopungua 5 na wasiozidi 9. Sheria hiyo hiyo inasema mamlaka ya juu kabisa ya chama yako kwa mkutano mkuu. Kwa karatasi, basi, ugomvi umekwisha. Lakini fikirieni chama cha kahawa chenye viwanda 14 vya kumenyea kahawa. Viti ni 9. Kila kiwanda kina wakulima wake, mto wake, mizani yake na malalamiko yake kuhusu malipo. Viwanda vitano havitakuwa na mtu. Mwaka ambao malipo kwa kilo yatashuka, wakulima wa viwanda hivyo vitano watasema kahawa yao imelipa madeni ya wengine, na hata kama si kweli, nani atawaonyesha kwamba si kweli?

Ndivyo ilivyotokea kwa kiasi kikubwa Nyeri mwishoni mwa miaka ya 1990. Serikali ilipolegeza usimamizi wake kwa sheria ile mpya, vyama vikubwa vya kahawa vilivyokuwa vimeunganisha viwanda vingi vilianza kugawanyika, mahali pengine kwa vurugu. Viwanda vilitaka kujitenga vikawa vyama vinavyojitegemea. Kila chama kipya kikawa na kamati yake, meneja wake, gharama zake za ukaguzi na deni lake la kurithi. Mkulima aliyetaka mjumbe mmoja kwenye kamati kubwa akaishia na kamati nzima ya kwake, na gharama zake zote zikitoka katika kilo zilezile za kahawa. Siwalaumu. Mtu anayeambiwa kila mwaka kwamba hesabu ziko sawa, bila kuonyeshwa, hatimaye hubeba mizani yake akaondoka.

Naomba sasa tusafiri mbali zaidi, hadi kule ambako ushirika wa namna yetu unahesabu asili yake. Tarehe 21 Desemba 1844, wafanyakazi wa mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, walifungua duka lao katika mtaa wa Toad Lane. Waasisi wanahesabiwa kuwa 28. Walianza na siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa. Afisa ushirika yeyote aliyesomea chuo cha ushirika cha Moshi amekalishwa darasani akafundishwa habari zao, kwa sababu kanuni tunazozitumia zilichipuka pale, na iliyo kubwa kwetu leo ni ile ya mwanachama mmoja, kura moja, hata awe na hisa nyingi namna gani.

Watu 28 wanajuana. Anayetunza daftari anakaa mtaa wa pili. Lakini mrithi mkubwa wa kazi yao, Co-operative Group, ambayo makao yake makuu yako Manchester, ilipofika mwaka 2013 ilikuwa na wanachama karibu milioni 8. Ilikuwa na maduka ya vyakula, maduka ya dawa, huduma za mazishi, mashamba na benki. Uongozi wake ulijengwa kama ngazi. Chini kulikuwa na kamati za maeneo, zaidi ya 40. Juu yake bodi 7 za kanda. Juu kabisa bodi kuu ya watu wapatao 20, wengi wao wakipandishwa kutoka bodi za kanda, na wengine wakitoka katika vyama huru vya ushirika vilivyokuwa wanachama wa umoja huo. Mwanachama wa kawaida, mwenye kadi yake na akiba yake, hakumpigia kura moja kwa moja mjumbe yeyote wa bodi kuu. Alimchagua mtu wa eneo, ambaye alichagua mtu wa kanda, ambaye alichagua mtu wa juu.

Mtu akiutazama mfumo huo kwa haraka ataona demokrasia tupu: kamati kila mahali, chaguzi kila mwaka, watu wa kawaida wanaokaa mezani na wakubwa. Lakini mwaka 2009 meza hiyo ilinunua maduka ya Somerfield kwa zaidi ya pauni bilioni 1.5, na mwaka huohuo benki ya ushirika ikaungana na Britannia, chama cha akiba na mikopo ya nyumba kilichokuwa na mikopo ya majengo ya biashara iliyokuja kuharibika. Mwaka 2013 ikatangazwa kuwa mtaji wa benki una pengo la pauni bilioni 1.5. Kabla mwaka haujaisha, asilimia 70 ya benki ikawa mikononi mwa wawekezaji wa nje, na ushirika ukabaki na asilimia 30. Hasara ya mwaka ule kwa Co-operative Group nzima ilikuwa pauni bilioni 2.5. Benki iliyokuwa fahari ya watu wa ushirika ikawa si yao tena.

Lord Myners, aliyepata kuwa waziri katika Hazina ya Uingereza, alipewa kazi ya kuchunguza uongozi wa chama. Alijiuzulu nafasi yake katika bodi hata kabla ya taarifa yake kukamilika, kwa sababu ya upinzani alioupata, na taarifa ikatoka Mei 2014. Alishauri ngazi ile ivunjwe. Badala yake iwepo bodi ndogo ya watu wenye ujuzi wa kuendesha biashara kubwa, mwenyekiti wake asitoke ndani ya siasa za chama, na kando yake liwepo baraza la wanachama. Waliochaguliwa kupitia ngazi ile walipinga, na wengi wamewasema vibaya kwa hilo. Mimi nawaheshimu. Walikuwa wametoa jioni zao kwa miaka mingi kwa posho ndogo, na walikuwa wanaambiwa kwamba kosa la chama ni wao, watu wa kawaida. Hofu yao ilikuwa kwamba chama cha wanachama kitakuwa na bodi isiyo na mwanachama ndani yake, na hofu hiyo ilikuwa ya haki kabisa.

Agosti 2014 mabadiliko yakapitishwa, yakiwa yamelainishwa. Bodi ilipungua hadi viti 11, na vitatu kati ya hivyo vikawa vya watu wanaopigiwa kura na wanachama wenyewe. Likaundwa Baraza la Wanachama la watu 100. Na likapitishwa jambo moja ambalo wasimuliaji wengi hulitaja mwishoni, ilhali mimi ningelitaja kwanza: kura ya mwanachama mmoja mmoja katika mkutano mkuu wa mwaka ikarudishwa. Kanuni ya mwaka 1844 ilikuwa imemezwa na ngazi. Kamati, kanda na bodi zilikuwa zimeshika kura kwa niaba ya watu, mpaka watu wenyewe wakawa hawana ya kupiga. Mwaka 2015 ndipo walipoanza kuitumia katika mkutano wao.

Ninajua kisa hiki kinasomwa kama ushahidi kwamba bodi ndogo ni bora. Nimesikia kikisomwa hivyo hata hapa kwetu, na mameneja wanaotaka kupumua. Lakini fikirieni wale watu 20 walikosa nini siku waliponunua maduka kwa pauni bilioni 1.5. Nafasi hazikuwa chache. Walikosa ujuzi wa kusoma kile walicholetewa, na walikosa mtu nyuma yao wa kuwauliza. Mjumbe wa bodi kuu alikuwa anawajibika kwa bodi ya kanda, bodi ya kanda kwa kamati ya eneo, na swali la mwanachama lilichoka likiwa bado kwenye ngazi. Bodi ya watu 11 isiyoulizwa itanunua maduka yaleyale. Kilichobadilika kwa maana ya kweli ni kwamba sasa bodi inasimama mbele ya baraza na mbele ya kura.

Na gharama ya mabadiliko hayo isifichwe. Viti vitatu kati ya 11 ni vichache. Mwanachama wa Uingereza amepata macho zaidi ya kuiangalia bodi, kwa kutoa mikono ya kuamua ndani yake. Sitamwambia mtu yeyote kwamba hayo ni mabadilishano mepesi.

Kwetu Tanzania tumewahi kulipa gharama kubwa zaidi. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jengo lake mjini Moshi kila mtu analijua. Mwaka 1937, miaka minne tu baadaye, wakulima wale wale walifanya ghasia wakavunja majengo ya vyama vyao, wakilalamikia bei na kulazimishwa kuuza kahawa yote kupitia chama. Watoto wa shule husomeshwa habari ya kuzaliwa kwa KNCU na kuachwa bila habari ya 1937. Mimi ningezifundisha pamoja. Mtu anavunja ghala la chama chake mwenyewe pale anapoamini kwamba si chake.

Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Miongoni mwa kasoro ilizozibainisha ni wanachama wasio na habari za vyama vyao, uhaba wa watu wenye ujuzi, udhaifu wa demokrasia katika vyama vikuu na siasa kuingilia kati. Tazameni orodha hiyo: ya kwanza ndani yake ni wanachama kutokuwa na habari. Lakini dawa iliyotolewa haikuwa kuwapa habari. Dawa ilikuwa kuwekwa chini ya usimamizi wa Serikali, na ilipofika Mei 1976 vyama vikuu vikafutwa kabisa, kazi yao ikapewa vijiji na mamlaka za mazao. Ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1982 ndipo vikarudi. Katika miaka sita ile hapakuwa na ugomvi wa viti, kwa sababu hapakuwa na viti. Ndugu zangu mnaosema tumechoka na kelele za mikutano, Mrajis wa vyama vya ushirika aje aweke watu wake, kumbukeni miaka hiyo.

Naomba mnivumilie kwa hesabu moja zaidi, kwa sababu hapa ndipo idadi ya wajumbe inakuwa na maana kweli, na ndipo inapojadiliwa kidogo kuliko kote. Inahusu namna ya kupiga kura.

Tuseme mkutano una wanachama 600 na viti ni 9. Kwa utaratibu wa kawaida wa vyama vyetu, kila mwanachama anapewa karatasi, anaweka alama kwa watu 9. Kundi la watu 301 likikubaliana majina 9 usiku wa kuamkia mkutano, litachukua viti vyote 9. Wale 299 watatoka mikono mitupu. Punguzeni viti viwe 5: wale 301 watachukua vyote 5. Ongezeni viwe 15: watachukua vyote 15. Kwa utaratibu huo, kuongeza viti hakumpi mnyonge hata kimoja, na wale waliopigana saa nne kutetea viti 9 walikuwa wanatetea kitu ambacho kisingewalinda.

Sasa badilisheni utaratibu kidogo. Kila mwanachama bado ana kura 9, lakini anaruhusiwa kuzirundika kwa mgombea mmoja akitaka. Hapo kundi la watu 61 linapata kiti kwa hakika. Kura zao ni 549, wakizirundika zote kwa mtu mmoja. Waliobaki ni 539, wenye kura 4,851. Wakizigawa sawa kwa wagombea 9 ili wachukue vyote, kila mmoja anapata 539, na mgombea wa wale 61 amewazidi. Viti vikipunguzwa viwe 5, kundi hilo la watu 61 haliwezi tena. Sasa linahitaji watu 101. Kwa hiyo chini ya utaratibu huu, anayepunguza viti anapandisha kizingiti cha mnyonge, na mnyonge ana haki ya kupiga kelele.

Sijaja kuwapigia debe utaratibu huu. Una usumbufu wake, hasa pale ambapo kura zinahesabiwa kwa mkono hadi usiku huku watu wanataka mabasi. Utaratibu wa kanda, kila tawi na kiti chake, una faida ya kueleweka na mwenyekiti wa mtaa. Lakini nao una kasoro: mjumbe aliyetumwa na tawi huanza kujiona mbunge wa tawi, anarudi nyumbani na mikopo ya watu wake kama ushindi, na mali ya pamoja inakosa mtetezi. Nimekaa vikao ambavyo watu 9 walikuwa wabunge wa matawi 9, na chama chenyewe hakikuwa na mjumbe hata mmoja. Ninachotaka ni kwamba yeyote anayeleta hoja ya kubadili idadi alazimishwe, siku hiyohiyo, kueleza kura zitapigwaje, akidi itakuwa watu wangapi, na watu wangapi wanatosha kupitisha uamuzi kwa niaba ya chama. Hoja ya idadi peke yake, bila hayo matatu, isipokelewe.

Halafu kuna kamati ya usimamizi. Katika vyama vyetu vya akiba na mikopo kamati hii kwa kawaida ni watu 3, na kwa kawaida huchaguliwa jioni, ukumbi ukiwa nusu mtupu, kutoka kwa wale walioshindwa kuingia bodi. Kazi yake kwa masharti ni kukagua kazi za bodi na kutoa taarifa kwa wanachama moja kwa moja. Hao watatu ndio macho ambayo watu wanayatafuta wanapogombea viti vya bodi. Wapeni nafasi ya kwanza kwenye ratiba ya uchaguzi, asubuhi, watu wakiwa wengi na akili zikiwa na nguvu. Ikatazwe mjumbe aliyemaliza muda wake kwenye bodi kuhamia kamati ya usimamizi akaenda kukagua maamuzi aliyoyapitisha mwenyewe. Taarifa yao isomwe kabla ya ile ya bodi, na wasiombe ruhusa ya mwenyekiti kuisoma. Ningependa kuona chama kimoja tu kikijaribu haya kwa mihula miwili kabla hakijagusa idadi ya bodi yake.

Kuhusu posho nitasema neno moja tu. Kama tatizo ni posho, punguzeni posho. Msipunguze watu.

Mmeniuliza kabla sijaanza kilitokea nini katika kile chama changu. Kura ilipigwa saa kumi na mbili jioni, na hoja ya kupunguza viti ilikosa theluthi mbili kwa kura chache. Bodi ikabaki watu 9. Wanachama kadhaa walijitoa ndani ya miezi mitatu, wa pande zote mbili, akiwemo yule kijana wa methali ya kidole, na mpaka leo ninaona tulimpoteza mtu. Mwaka uliofuata, baada ya vuta nikuvute nyingine, ilikubaliwa kabrasha lifike kwa wanachama siku 21 kabla ya mkutano, lipelekwe kwenye matawi na kwenye simu za watu, na orodha ya mikopo iliyochelewa iwekwe kwa umri wa deni: miezi mitatu, sita, mwaka, zaidi ya mwaka. Majina hayakuwekwa. Jumla tu.

Niliandika muhtasari tena mwaka huo, na nikaandika saa pembeni kama kawaida yangu. Taarifa ya mkaguzi wa hesabu ilifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi. Ilifungwa saa saba kasoro dakika ishirini. Watu walikuja na makabrasha yao yamekunjwa pembe na kuchorwa kwa kalamu nyekundu. Mama mmoja wa tawi la wilayani alisimama mara nne kwa ukurasa mmoja. Ajenda ya idadi ya wajumbe wa bodi, iliyokuwa ya nane, iliahirishwa kwa kukosa muda, na mwaka uliofuata hakuna aliyeomba irudishwe.